Nilivyoyatoa mafuta kwenye mawe ya Msimbati kwa kubadilisha chumvi ya maji

Wakuu, heshima kwenu wote, wa barazani na wapita njia.

Jana kwenye uzi wa visima vya gesi kuna mdau aliuliza kwa kejeli: kama mafuta yapo chini, kwa nini makampuni yanapampu maji tena humo humo ndani? Nikaanza kumjibu kwa comment. Comment ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi wangu.

Nitakayoyaandika nimeyapitia mwenyewe, kwa mikono hii hii ninayochapia. Siongezi chumvi, ingawa stori yenyewe ni ya chumvi mwanzo mwisho. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000. Mimi ni binti wa Msimbati, kule Mtwara, karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini. Nilikuwa nasoma kemia chuo kikuu Dar, naelekea mwaka wa mwisho. Baba yangu, Mzee Selemani, alikuwa anachonga mawe ya kujengea. Pwani yetu ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la chokaa, matumbawe ya zamani yaliyogeuka mwamba. Nyumba tuliyokulia ni ya mawe hayo.

Kipindi hicho visima vya gesi vya Msimbati vilikuwa vinaandaliwa upya. Kulikuwa na kambi, magari, watu wa nje. Likizo moja nikabahatika kupata field, yaani mafunzo ya kazi, pale. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vipande vya mwamba na kuvipanga kwenye visanduku. Hakuna cha ajabu.

Lakini pale kambini kulikuwa na mwanajiolojia mmoja, mzungu wa makamo, sisi tulimwita Mista Pita. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi huko kaskazini mwa Ulaya, kwenye visima vya katikati ya bahari. Siku moja wakati wa chai akanieleza jambo ambalo lilinivuruga akili, kwa uzuri.

Alisema mafuta hayakai chini kama maji kwenye pipa. Yamo ndani ya jiwe, kwenye vitundu vidogo vidogo. Ukichimba, yanatoka yale yanayosukumwa na presha. Presha ikiisha, unapampu maji ili yasukume yaliyobaki. Kwenye mchanga hiyo kazi inaenda vizuri. Ila kwenye mwamba wa chokaa mafuta yana tabia ya kung'ang'ania jiwe. Maji yanapita pembeni, mafuta yanabaki yameganda ukutani. Sehemu kubwa inaachwa humo humo.

Halafu akasema, "Sisi kule tulipampu maji ya bahari, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Mafuta yakatoka kuliko tulivyotegemea. Mpaka leo watu wanabishana ni kwa nini."

Nikamuuliza, "Yaani kuna kitu ndani ya maji ya bahari kinachoyabandua?"

Akacheka. "Hilo ndilo swali. Wewe ni mkemia, unaonaje?"

Wakuu, nilitoka pale siioni njia. Nilikuwa natembea juu ya jiwe la chokaa, mbele yangu kuna bahari. Vitu vyote viwili vya lile swali vilikuwa nje ya mlango wa kwetu.

Niliporudi chuo nikaandika proposal ya project ya mwisho. Wazo langu lilikuwa hili: nichukue vipande vya jiwe la chokaa, nivijaze mafuta, nivitumbukize kwenye maji ya aina mbalimbali, nione ni chumvi ipi inayoyatoa mafuta.

Supervisor wangu, tumwite Dokta, alikuwa mtu makini na mkali. Akaisoma mbele yangu mpaka mwisho. Akaiweka mezani.

"Mafuta ghafi utayatoa wapi?"

"Nitatafuta, Dokta."

"Vifaa vya kupimia?"

"Navyo nitatafuta."

"Sikiliza binti. Wazo ni zuri, lakini project inatakiwa iishe. Wenzako wanapima maji ya visima, wanamaliza, wanahitimu. Nakupa likizo hii ndefu. Chuo kikifunguliwa uje na matokeo ninayoweza kuyaona kwa macho, la sivyo utapima maji ya visima kama wenzako. Na kama utakuwa umeshachelewa, utarudia mwaka."

Kurudia mwaka kwangu maana yake ilikuwa kupoteza ufadhili wa serikali, na kwetu hakukuwa na mtu wa kunilipia. Nilimwambia nimekubali.

Nikarudi Mtwara.

Pale mjini nilikwenda shule niliyosomea sekondari, kwa mwalimu wangu wa kemia, Madam Massawe. Huyu mama ni mtu wa Moshi, serikali ilimpangia Mtwara akiwa kijana akaja kuzeekea huku. Nilimweleza kila kitu. Hakunikatisha hata mara moja. Mwisho akachukua funguo za maabara.

"Shule imefunga, lab imekaa bure. Oven ndogo ipo, mizani ipo, chumvi za kila aina zipo. Vingine tutatafuta."

Jiwe halikuwa tatizo. Nilikwenda nyumbani Msimbati, nikamwomba baba anichongee vipande vidogo, vya duara, vyote ukubwa mmoja, kama vizibo vya chupa ya chai.

"Vya kujengea nini?" akauliza.

"Si vya kujengea, Baba. Nataka nivijaze mafuta, halafu niyatoe."

Akanitazama. "Uyatie, halafu uyatoe."

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo shule."

"Ndiyo, Baba."

Kesho yake alikuwa ameshavichonga, na vilikuwa safi, vimelingana kama vimetoka kiwandani. Akanikabidhi kwenye mfuko.

Sasa tatizo likawa mafuta. Nilikwenda mpaka bandarini kuulizia kama kuna meli inayoweza kunipa hata chupa moja ya mafuta ghafi. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia meli zinazoingia pale zinachukua korosho, na mafuta ya injini zao siyo ghafi.

Mafuta ya taa tulijaribu. Hayafai. Ukiyatia kwenye jiwe, ukaweka maji yoyote, yanatoka yote, hata maji ya bomba. Na sababu Madam aliijua: mafuta ghafi ya kweli yana asidi asilia ndani yake. Hiyo asidi ndiyo inayoshikana na kalsiamu ya jiwe la chokaa na kuyafanya mafuta yang'ang'anie. Mafuta ya taa yameshasafishwa, hayana asidi, kwa hiyo hayana cha kushikia.

Tulihitaji mafuta yenye asidi. Mtwara. Bila hela.

Nilikuwa naosha vyombo kwa mamkubwa, dada yake mama, Bi Somoe, anayekaa mjini. Yeye alikuwa mbanguaji wa korosho. Nikamwona anajipaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi, kama wanavyofanya wabanguaji wote, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi.

Yanaunguza. Kwa nini yanaunguza?

Niliacha vyombo kwenye maji nikaenda mbio mpaka kwa Madam. Akafungua kitabu cha zamani cha kemia, akanionyesha. Mafuta ya ganda la korosho yamejaa asidi, na ni asidi ya ukoo ule ule tuliokuwa tunautafuta. Tuliangaliana tukaanza kucheka kama watu waliopata hela barabarani.

Mkoa mzima umejaa korosho, wakuu. Maganda yanatupwa.

Nikapata chupa ya yale mafuta kutoka kwa watu waliokuwa wanakaanga korosho kwenye pipa, yakichuruzika kwenye maganda wakati wa kukaanga. Meusi, mazito, yanafanana na mafuta ghafi kabisa. Nikayachanganya na mafuta ya taa yawe mepesi. Kuyaingiza ndani ya jiwe, Madam alichukua pampu ya baiskeli akaigeuza ile ngozi ya ndani, ikawa inanyonya hewa badala ya kusukuma. Ukinyonya hewa kwenye chupa yenye jiwe na mafuta, hewa inatoka kwenye vitundu na mafuta yanaingia.

Tukaandaa chupa za jamu. Moja ina maji yenye chumvi ya mezani tu. Moja ina maji ya bahari. Nyingine ina maji ya bahari niliyoyaongezea salfeti, ile chumvi jamii ya haluli ya kufungua choo. Kila chupa na jiwe lake.

Nilisubiri kwa hamu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mafuta yakatoka kwenye chupa zote. Zote. Sawasawa. Hata ile ya chumvi ya mezani.

Nilikaa kwenye stuli ya maabara nikalia. Kama kila maji yanatoa mafuta, basi chumvi haina maana, na mimi nakwenda kupima visima.

Madam aliniacha nilie. Halafu akaniuliza swali moja. "Haya mafuta yamepita kwenye moto, si ndiyo?"

"Ndiyo, ya kukaangia."

"Mikono yako mbona haijaungua?"

Nikaitazama. Ilikuwa mizima. Nilikuwa nimeyashika mafuta yale siku kadhaa na ngozi haijafanya kitu.

Tukafanya jaribio dogo sana ambalo mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne analijua. Asidi ikikutana na ile soda ya kuumulia maandazi, inatoa povu. Tukachukua mafuta ya kukaangwa, tukayeyusha kwenye spiriti, tukatia soda. Kimya. Nikakimbia kwa mamkubwa nikachukua maganda mabichi, ya korosho zilizokaushwa juani tu, nikayaponda, nikakamua. Tukatia soda.

Povu.

Moto mkali ulikuwa umeifukuza ile asidi. Mafuta ya kukaangwa yalikuwa sawa na mafuta ya taa, hayana cha kushikia jiwe. Ndiyo maana yalitoka kwenye kila maji. Kumbe jaribio langu halikuwa limeshindwa. Lilikuwa limetuambia kwamba bila asidi hakuna mng'ang'ano.

Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokuwa mkemia. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa kemia.

Nikaanza upya na mafuta mabichi, nikiyachanganya na mafuta ya taa vile vile. Na hapa ndipo mikono yangu ilipopata mabaka niliyo nayo mpaka leo. Nilitumia glovu, zikapasuka, nikaendelea. Mamkubwa alinisema sana. "Mtoto unasoma chuo kikuu halafu unaungua kama mbanguaji wa siku ya kwanza." Akanipaka mafuta ya nazi akanifunga vitambaa. Msinifuate kwa hilo.

Safari hii mawe niliyaacha yalowe kwenye mafuta kwa muda mrefu, yakiwa ya vuguvugu, ili mafuta yashike kweli. Halafu kwenye chupa.

Hayakutoka. Popote. Wala kwenye chumvi ya mezani, wala kwenye maji ya bahari, wala kwenye salfeti.

Kwa hiyo mara ya kwanza yalitoka kote, mara ya pili hayatoki kokote. Siku zinakwenda. Likizo inaisha.

Kitu kilichonitoa hapo ni kumkumbuka Mista Pita akilalamika jinsi kule chini kulivyo na joto. Kisimani chini mwamba una joto la kutengeneza chai. Mimi nilikuwa nimeweka chupa zangu kwenye kivuli cha maabara. Nikamwambia Madam tuzitie kwenye oven.

Tukatia. Umeme ukakatika.

Wenyeji wa Mtwara wa miaka ile mnanielewa. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na ulikuwa unakuja ukijisikia. Chupa zilikuwa zinapata joto kidogo, zinapoa, zinapata, zinapoa. Kwa mtindo huo huwezi kusema chochote.

Nikaamua. Nikafunga chupa zangu kwenye vitambaa, nikapanda gari la wachuuzi wa samaki, nikarudi Msimbati. Nyumbani hakuna umeme kabisa, lakini mkaa upo. Sufuria kubwa ya pilau ya shughuli, tukaijaza maji, tukaiweka jikoni nje uani. Chupa za jamu ndani yake, vifuniko nimevikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kipimajoto cha shule nimekifunga kwenye kijiti.

(Tahadhari: hapo kuna mafuta ya taa karibu na moto. Siku za mwisho chupa moja ilipasuka na maji ndiyo yaliyotuokoa. Usijaribu nyumbani. Nasema kama mtu aliyejaribu nyumbani.)

Kazi ikawa kuhakikisha maji yanakuwa ya moto karibu ya kuchemka, lakini yasichemke. Mama anaongeza mkaa, mimi napunguza. Baba alikuwa anapita na nyundo yake anatazama, anaendelea. Siku ya kwanza akapita. Siku ya pili akaweka nyundo chini akakaa.

"Unangoja nini kitokee?"

"Tone la mafuta lichomoze juu ya jiwe, Baba. Kwenye chupa mojawapo. Likichomoza kwenye hii ya salfeti na lisichomoze kwenye hii ya chumvi ya mezani, nimefaulu."

"Na likichomoza kwenye zote?"

"Nimefeli."

Akavuta kigoda karibu. "Basi niangalie na mimi. Macho yako yamechoka."

Tukakaa hivyo, mimi na baba, tukitazama sufuria. Sijawahi kukaa na baba yangu muda mrefu hivyo bila kazi ya kufanya.

Yeye ndiye aliyeliona. Akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Mwanahawa. Njoo."

Kwenye chupa ya salfeti, juu ya jiwe, kulikuwa na ushanga wa kahawia. Mdogo kama kichwa cha kiberiti. Ukakua mbele ya macho yetu. Ukajibandua. Ukapanda polepole ndani ya maji mpaka juu. Na pale ulipotoka ukaanza kuchomoza mwingine.

Chupa ya maji ya bahari ya kawaida nayo ikaanza, kwa uvivu. Chupa ya chumvi ya mezani, kimya. Jiwe limekaa na mafuta yake, joto lile lile, sufuria ile ile.

Wakuu, siwezi kuieleza ile furaha. Nilimshika baba mkono, na mikono yangu ina vitambaa. Yeye akawa anacheka tu kifuani. Mama akatoka na mwiko kuuliza kuna nini, baba akamwonyesha kwa kidole. "Linatoka lenyewe," akamwambia. "Hakuna anayelikamua."

Sasa shida ya kijiji chetu ni kwamba ukuta hauzuii maneno.

Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza kunywa chai, uani kumejaa watu. Habari zilikuwa zimeshazunguka kwamba mafuta yamepatikana kwenye mawe ya Mzee Selemani. Kumbukeni ni kijiji kilichokuwa kimeshaona mitambo ya gesi ikiingia, watu walikuwa na matumaini. Wengine wamekuja na mawe yao mikononi niwapimie. Jamaa mmoja amebeba tofali zima la jiwe la msingi wa choo chake. Na mtendaji wa kijiji naye kaja, na sauti ya kiofisi.

"Binti, taarifa za madini na mafuta zinatakiwa zipite kwetu kwanza."

Nikaanza kueleza, asidi, salfeti, chaji za umeme kwenye uso wa jiwe. Nikaona nyuso zinazidi kuamini kwamba nawaficha kitu. Ndipo baba akasimama.

"Sikilizeni jamani. Mafuta tumeyatia sisi wenyewe. Ni ya maganda ya korosho. Nnakwambieni kweli, humu jiweni hamna kitu. Anachotafuta huyu mtoto siyo mafuta. Anatafuta maji ya kuyatolea."

Yule mwenye tofali akauliza, "Sasa mtu atatia mafuta kwenye jiwe kwa nini, kama anataka kuyatoa?"

"Kwa sababu kuna nchi Mungu aliyatia, na wao wameshindwa kuyatoa yote," baba akajibu.

Watu wakacheka, hata mtendaji. Wakaondoka na mawe yao. Mimi nilibaki namtazama mzee wangu. Sentensi zile mbili, ya maji ya kutolea na ya nchi Mungu alizotia, nilikuja kuziandika ukurasa wa kwanza wa report yangu, kwa Kiingereza, bila kubadilisha maana.

Siku zilizobaki sikupumzika. Nilirudia jaribio lote nikibadilisha mawe na nafasi za chupa kwenye sufuria, nisije nikaambiwa upande mmoja ulikuwa na moto zaidi. Matokeo yale yale. Nikaongeza salfeti nyingi zaidi kwa tamaa, maji yakawa na unga mweupe na jiwe likaziba. Salfeti ikizidi kwenye joto inashikana na kalsiamu ya majini, inakuwa jamii ya plasta. Hapo nikajifunza kwamba dawa nayo ina kipimo.

Halafu nikajaribu kinyume. Nikatengeneza maji yenye salfeti, kalsiamu na magnesiamu kama ya bahari, lakini chumvi ya mezani nikaipunguza sana. Yakatoa mafuta vizuri kuliko maji ya bahari yenyewe. Jinsi tulivyoelewa mimi na Madam ni hivi: chumvi ya mezani inajazana kwenye uso wa jiwe kama watu waliosimama mlangoni bila kazi. Ukiwapunguza, wenye kazi wanapita.

Kuna mdau atauliza, sasa salfeti inafanya nini hasa? Kwa kifupi: jiwe la chokaa lina chaji chanya juu yake, asidi ya mafuta ina chaji hasi, ndiyo maana zinashikana. Salfeti nayo ni hasi. Inakwenda kukaa kwenye jiwe, inapunguza ile chaji, halafu kalsiamu ya majini inapata nafasi ya kusogea na kuibandua asidi. Joto linaharakisha. Jiwe linaacha kupenda mafuta, linaanza kupenda maji. Maji yanaingia, mafuta yanatoka.

Nikarudi Dar na mawe yangu, barabara ya Kibiti ya wakati ule, mashimo matupu, nimeyapakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Dokta alinisikiliza huku amekunja mikono. Nilipomaliza akasema, "Maelezo nimeyaelewa. Mafuta ya korosho, sawa. Sufuria ya pilau, sawa. Lakini nilisema nataka kuona kwa macho yangu."

"Nimekuja na mawe, Dokta."

Tukaweka chupa kwenye water bath ya chuo, beseni la maji ya moto la umeme. Umeme ulikuwepo, namshukuru Mungu. Nilimwomba achague mwenyewe jiwe lipi liingie chupa ipi, na abandike alama anazozijua yeye peke yake. Mimi nisijue ipi ni ipi.

Akaenda kufundisha, akarudi. Akaenda kwenye kikao, akarudi. Mchana wa siku iliyofuata tulikuwa wote wawili mbele ya kioo. Chupa moja ikaanza kutoa shanga.

"Ipi hiyo?" akaniuliza.

"Kama nadharia yangu ni sahihi, hiyo ndiyo yenye salfeti na chumvi kidogo. Na hii ya pembeni yake itafuata, ni maji ya bahari. Ile ya mwisho haitatoa kitu."

Akatazama alama zake. Akavua miwani, akaisogelea ile chupa mpaka pua ikagusa kioo.

Halafu akasema, "Magnesiamu ina kazi gani humu? Ukiitoa inakuwaje?"

Sikuwa nimejaribu. Nikamwambia sijui.

"Basi tujaribu," akasema, na akavua koti.

Tujaribu. Siyo "jaribu". Tulikaa pale mpaka mlinzi wa jengo akaja kutuambia anafunga. Yule mtu mkali wa kupima visima alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, anapima chumvi na kubishana na mimi kama tumesoma darasa moja. Mafuta ya korosho yakamgusa kidoleni, akaungua, akacheka, akaendelea.

Nilihitimu pamoja na wenzangu. Baadaye nikapata nafasi ya kusomea mambo ya petroli nje, na leo kazi yangu ni hii hii: kuwaambia watu wenye visima vya chokaa wapampu maji ya aina gani. Nilipofika huko nje nilikuta maabara kubwa zinalifanyia kazi swali lile lile, kwa vifaa ambavyo sikuwahi kuviota, na majibu yao yanafanana na ya sufuria yetu. Kwa hiyo sijidai kuvumbua kitu. Mtwara yetu ilitoa gesi, siyo mafuta, na yale mawe ya baba hayakuwahi kutoa hata kibaba cha kuuza. Ila mimi jibu nililipata kabla sijaambiwa na mtu, na hiyo raha haina bei.

Madam Massawe amestaafu, yuko Mtwara bado, amekataa kurudi Moshi. Dokta tunaandikiana mpaka leo.

Nilichojifunza, wakuu: jaribio likigoma usilitupe, liulize limekuambia nini. Mara mbili nilidhani nimefeli, na mara zote mbili jibu lilikuwa limelala ndani ya huko kufeli. La pili, ukikosa kifaa, jiulize kifaa hicho kinafanya kazi gani, halafu tazama nyumbani kwenu ni nini kingine kinafanya kazi hiyo.

Na kwa yule mdau wa jana: maji hayaharibu kisima, ndugu yangu. Inategemea umetia chumvi gani.

Uwanja ni wenu. Wenye kemia yao nikosoeni, hasa kwenye magnesiamu, maana huko bado nabishana na watu. Na wabanguaji wa korosho mliomo humu, nipeni mbinu ya kulinda mikono. Mamkubwa alisema majivu, mimi nikajifanya najua.